Kiinua Mgongo si Salamu

Gunsan, Korea ya Kusini
6 Oktoba 2024

Dada Mwanajuma,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yametulia, sukari imeshuka, na joto la Oktoba halijakukaanga pamoja na karanga zako. Mimi ni mzima. Hapa majani yameanza kuwa mekundu na watu wanapanda mlimani kuyatazama, kama sisi tulivyokuwa tukienda stesheni kutazama treni ya Kigoma.

Najua utasema kuna simu. Lakini wewe ndiye uliyesema simu ni ya kuulizana kama mtu ameamka, na barua ni ya mambo. Hili ni jambo.

Nasikia umewaambia watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo kwamba mdogo wako ni profesa huku. Dada, mimi ni mwalimu wa twisheni. Wenyewe wanaiita hagwoni. Watoto wakitoka shule wanapandishwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuku wa kukaanga, wafundishwe Kiingereza hadi jioni. Wangu wana miaka saba na minane. Juzi nilikuwa chura. Mkutubi wa kazi ya miaka thelathini, mwenye mvi hadi kwenye nyusi, niliruka juu ya zulia la kijani nikisema kwa Kiingereza maneno ya chura, na nilipotua, goti lilisema la kwake.

Hilo la kwanza. La pili ni kwamba maktaba yangu ya Winnipeg ilifungwa mwaka juzi, na pensheni ya Kanada hainijui mpaka nifike sitini na mitano. Ndiyo maana niko huku, si utalii.

Mkataba wetu ni wa mwaka mmoja. Anayetimiza mwaka hupewa kiinua mgongo, mshahara wa mwezi mmoja, na hiyo ni sheria ya nchi, si hisani ya mtu. Asiyetimiza, hata abakize siku tatu, hana chake. Viza nayo imefungwa kwa mwajiri kama mbuzi kwenye kigingi. Kwa hiyo walimu wageni hapa tuna ugonjwa wetu unaotokea mwezi wa kumi na moja wa mkataba: mtu anaamka ghafla akiwa mwalimu mbaya. Kijana wa Ireland wa chumba cha pili alisifiwa miezi kumi mfululizo. Wiki iliyopita akaambiwa hatabasamu vya kutosha. Ameondoka na begi moja, akitabasamu kwa hasira.

Mimi nilianza tarehe 12 Machi, funga ya kwanza ya Ramadhani, kama unakumbuka. Nilikuwa nikifundisha nyimbo za matunda na njaa yangu. Nimebakiza miezi mitano. Nikikipata kiinua mgongo changu nina kazi nacho, lakini sitaisema sasa.

Je, mlango wa uani bado unalia?

Mdogo wako,
Majidi


Ng'ambo, Tabora
1 Novemba 2024

Mdogo wangu Majidi,

Marahaba, chura.

Sisi wazima. Binti yangu Hafsa amejifungua mtoto wa kiume, anafanana na baba yetu hasa anapokataa kitu. Mvua haijaja, mbu wamekuja. Karanga za kuuza zinatoka. Mlango wa uani haulii tena, Fundi Awadhi wa Cheyo alikuja kuubadilishia bawaba.

Sijawaambia watu habari ya chura na sitawaambia. Profesa amekwisha kuwa profesa. Nikimshusha, mwongo ni mimi.

Sasa sikiliza. Umesahau habari ya Masolwa, au huko Kanada mlikuwa mnasoma vitabu vya watu wengine tu? Masolwa, babu yake baba, kabla familia hii haijasilimu, alibeba pembe za ndovu kutoka Kwihara hadi Bagamoyo mara nne. Baba alikuwa akisema hivi: tajiri hagombani na mpagazi njiani. Njiani anamwita ndugu. Mkifika kambi ya mwisho, pwani inanukia, ndipo anapokumbuka kwamba ulipokuwa Ugogo ulicheka vibaya. Safari moja wenzake Masolwa walishusha mizigo wakaenda mtoni kuoga. Waliporudi, mizigo iko mabegani mwa watu wengine, na wao wanaambiwa wametoroka, hawana ujira. Masolwa hakushusha. Alikula na pembe begani, akajikuna na pembe begani, mpaka tajiri aliposema mbele ya kambi nzima, "Umefika." Ndipo akashusha. Baba akimaliza alikuwa anaongeza: neno lisilosikiwa na watu ni upepo.

Basi wewe usigombane, usiugue, usicheke vibaya. Na usishushe.

Mimi nina neno pia, ila halina haraka.

Dada yako,
Mwanajuma

Fundi Awadhi anakusalimu. Alirudi jana kuangalia zile bawaba.


Gunsan
27 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo, na hongera za mjukuu. Mfundisheni mapema kukubali kitu kimojakimoja.

Barua yako niliisoma kwenye chumba cha walimu nikicheka peke yangu, na hicho ndicho chanzo cha kosa ninalokuja kulikiri.

Kwanza ujue kwamba hapa watu wanainama. Unaingia, unainama. Unapewa kalamu, unainama. Mkurugenzi wetu, Bibi Pak, akipita kwenye ukumbi, tunainama sote kama mtama uliopigwa na upepo. Pili, Bibi Pak aliniomba tangu siku ya kwanza nisiwaambie wazazi nilikozaliwa. Pasipoti yako ni ya Kanada, alisema, tuishie hapo. Wazazi wanalipia Kiingereza cha theluji.

Basi nikaingia darasani na Masolwa kichwani. Binti mmoja mwenye pengo la meno mawili akainama kunisalimu, akabaki hukohuko chini, akaniuliza huko Kanada mtu aliyeinama huambiwa nini ili ainuke. Sijui nini kilinipata. Nikasema, "Kiinua mgongo."

Akainuka. Akacheka. Wenzake wakataka nao. Sasa, Dada, watoto ishirini na wawili wanainama, wananyamaza kwa pumzi moja, kisha wanapaza sauti, "Kiinua mgongo!" na kusimama wima kama askari. Wanaifanya asubuhi kwa bibi zao. Wanaifanya kwa dereva wa basi. Jana walimfanyia Bibi Pak, naye akapenda.

Nimejaribu kulirudisha neno lakini halirudishiki. Ni kama kuku aliyetoka kwenye tenga.

Kuhusu mlango: ule mlango, kwa kumbukumbu yangu, una bawaba mbili. Fundi amekuja mara ngapi?

Majidi


Ng'ambo
22 Desemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mvua imefika, Ng'ambo yote ni matope, viatu tunavishika mkononi. Mtoto wa Hafsa ameitwa Abasi, jina la marehemu kaka yetu. Hafsa alikuwa akinisomea barua yako barazani na mimi nilicheka hadi nikashikwa na kwikwi. Fundi Awadhi naye alicheka, akaangusha futi yake. Alikuwa anapima dirisha la chumba chako. Dirisha lilikuwa limeliwa na mchwa.

Usinihesabie bawaba.

Fundi anasema huko kwenu neno limepata maana kuliko hapa. Hapa tunaliandika kwenye fomu tu. Huko mtu anainama mwaka mzima, halafu analipwa ainuke.

Nakuuliza kitu kidogo. Huo mwaka wako unakwisha lini hasa? Ulianza na Ramadhani. Funga hadi funga ni mwaka, kwa hiyo Ramadhani ikikaribia wewe uko huru, sivyo? Nauliza tu. Na ukiwa huru utakwenda wapi, utarudi kwenye theluji? Nauliza tu.

Levina, jirani yetu yule anayeshona sare, ameuliza kama profesa anakula ugali. Nimesema anakula.

Mwanajuma


Gunsan
12 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Theluji imefika hadi huku, inanifuata kama mdai. Nina afya, nina soksi mbilimbili. Nimefurahi kusikia jina la Kaka Abasi linaitwa tena uani.

Hesabu yako ni nzuri: nilianza na Ramadhani na nitamaliza na Ramadhani, Mungu akipenda. Swali la pili nitalijibu nikiwa na kitu mkononi. Mtu aliyeondoka mwaka themanini na sita akisema atarudi baada ya miaka minne hana haki ya kuahidi tena kwa maneno.

Sasa sikia vituko. Bibi Pak ametengeneza bango. Linaning'inia juu ya duka la kuku, refu kuliko basi, bluu na nyeupe: KIINUA MGONGO! Chini yake, kwa Kikorea, wameandika, "Jifunze salamu ya kweli ya Kanada." Watu wanalipiga picha. Muuza kuku ananisalimu nalo asubuhi. Februari 22 kuna siku ya wazazi, na watoto wataimba salamu hiyo jukwaani ili waandikishwe wengine kwa muhula wa Machi.

Siku ileile bango lilipopandishwa, Bibi Pak aliniita ofisini. Akanipa chai. Akasema muhula mpya unaanza Machi, hivyo ni vizuri kila kitu kikaisha vizuri tarehe 28 Februari, siku za mwisho zihesabiwe likizo, na yeye atanikatia tiketi ya tarehe 24 hadi popote nitakapo. Kisha akakumbuka kwamba mwezi wa Julai nilichelewa dakika sita.

Nikaijua hapohapo. Kambi ya mwisho.

Sikugombana. Sikuugua. Karatasi ya kusaini kwamba naondoka kwa hiari iko mezani kwake na nimesema nitafikiri. Nikainama. Lakini, Dada, nilipokuwa nimeinama pale, kwa mara ya kwanza nilihisi umri wangu wote.

Majidi


Ng'ambo
2 Februari 2025

Mdogo wangu Majidi,

Marahaba. Wote wazima, mtoto ana jino. Embe zimekwisha, karanga ndiyo kwanza tumepalilia.

Niliposema nina neno lisilo na haraka nilidanganya. Lina haraka.

Fundi Awadhi ameniposa. Mimi, bibi wa watu, nina miaka sitini na sita na mjane wa mwaka wa tisa. Anasema ametengeneza kila kitu kinachotengenezeka katika nyumba hii na sasa amebakiwa na mwenye nyumba. Nilimwambia ana adabu mbovu. Kisha nikakubali. Usicheke. Hafsa amecheka kwa niaba yenu wote.

Tukaenda kwa sheikh. Akauliza walii wangu, wa kuniozesha, ni nani. Baba hayupo, Kaka Abasi hayupo, umebaki wewe. Akauliza yuko wapi. Nikasema Korea. Sheikh masikio yake unayajua, akasema, "Kariakoo? Si apande treni?" Tulipoelewana akasema unaweza kumweka wakili kwa barua. Inafaa, amesema. Mimi nimesema haifai. Mume wa kwanza niliozwa na baba akiwa amekaa palepale kwenye mkeka, nikisikia sauti yake kupitia pazia. Sitaki kuozwa na bahasha.

Tumeweka Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, tarehe 28 Februari. Umesema mwenyewe unamaliza na Ramadhani. Siku mbili za mwishoni hazina uzito, omba ruhusa uje.

Nimekuomba kitu gani tangu uondoke? Nimeomba hiki.

Dada yako,
Mwanajuma


Gunsan
23 Februari 2025

Dada,

Shikamoo, ingawa jana tumesalimiana kwa simu hadi salio likakatika. Naiandika hata hivyo, kwa sababu kwenye simu ulikuwa unapiga kelele, mimi nalia, na Fundi anauliza nyuma kama ni Kariakoo. Jambo kama hili lisipoandikwa litaharibika.

Barua yako ilinifikia jana asubuhi, siku ya wazazi yenyewe, nikiwa nafunga tai. Niliisoma nimesimama. Kisha nikakaa kitandani nikahesabu, na ndipo nikaona tulichofanya, wewe na mimi. Wewe unahesabu kwa mwezi, Korea inahesabu kwa jua. Funga hadi funga inapungua siku kumi na kitu. Mwaka wangu kwako unakwisha na Shaabani, kwao unakwisha Machi 11, Ramadhani ikiwa katikati. Mimi nilijua, na nikakuandikia "hesabu yako ni nzuri" kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukusimulia bango. Mkutubi mzima.

Kwa maneno mengine, wewe na Bibi Pak mlikuwa mmechagua siku moja, bila kujuana, na tiketi yake ilikuwa inanifikisha harusini kwako.

Nikaamua. Kiinua mgongo ni mshahara wa mwezi, dada ni mmoja. Nikatia kalamu mfukoni niende nikasaini.

Ukumbi ulikuwa umejaa wazazi, na wengine wamesimama. Bibi Pak, aliyevaa suti ya rangi ya maziwa, akasema watoto sasa watatoa salamu ya Kanada. Watoto ishirini na wawili wakainama. Kimya. "KIINUA MGONGO!" Madirisha yakatetemeka. Watu wakapiga makofi, wakaomba tena, wakapewa tena.

Ndipo baba mmoja aliyekuja na jaketi la kijivu la kiwandani, baba yake yule binti wa pengo, akanyoosha mkono. Karani wa mapokezi, anayenifasiria siku zote, akaninong'oneza: anauliza maana yake nini, maana binti yake anamfanyia kila siku anapotoka kazini na yeye hajui amjibu nini.

Bibi Pak akanitazama. Alitabasamu, akasema nimweleze.

Dada, nilikuwa na uongo mzuri mdomoni. Lakini huyu mtu alikuwa ametoka zamu, mikono yake bado ina mafuta, na binti yake ananitazama na lile pengo. Nikasema, "Si Kikanada. Ni Kiswahili, lugha ya mji wangu, Tabora. Ni kile anachopewa mtu aliyetimiza kazi yake, ili mgongo wake unyooke."

Karani akasita. Kisha akafasiri, na wao wana neno lao la kitu hicho, moja tu, fupi. Alipolitamka, ukumbi mzima ulilijua. Nikajua nimekwisha, theluji na Tabora vyote pamoja.

Yule baba akacheka. Kwanza polepole, kisha akapiga goti lake kwa kofi. Akamgeukia mkewe akamweleza kitu, na mama wa nyuma yake akacheka, kicheko kikaenda hivyo mstari kwa mstari hadi mlangoni. Bango refu kuliko basi, mtaa mzima ukisalimiana kwa kudai kiinua mgongo, na aliyelipandisha ni mwajiri. Alipopata pumzi akaniuliza tena, kupitia karani: "Na wewe, mwalimu, umetimiza?"

"Bado siku kumi na saba," nikasema.

Akamgeukia Bibi Pak. Wazazi wote wakamgeukia.

Bibi Pak si mtu mbaya, nakwambia haki. Jengo si lake, na kuna aliyemkalia mgongoni yeye pia. Alisimama pale, uso umekuwa rangi ya jaketi la yule baba, kisha akasema neno moja, na karani hakuhitaji kunifasiria kwa sababu hilo nimeshajifunza. Atatimiza.

Mbele ya kambi nzima, Dada.

Akawainamia wazazi. Akabaki chini kidogo zaidi ya desturi, nadhani alikuwa anatafuta pa kuweka uso. Watoto wakaona mtu ameinama na hainuki. Wakafanya walichofundishwa, kwa sauti yote waliyo nayo. Bibi Pak akainuka. Naye alikuwa anacheka, au analia, sikuweza kuona vizuri kwa kuwa miwani yangu ilikuwa imefanya ukungu.

Ndiyo nikatoka ukumbini na kukupigia, kukuambia kwamba nimeshindwa kusaini na harusi yako nimeivunja. Uliniuliza siku ngapi zimepungua. Nikakutajia. Kisha ukasema lile ninalolinakili hapa ili lisipotee:

"Masolwa hakushusha kwa ajili ya kuoga, wewe unashusha kwa ajili ya pilau? Maliza. Awadhi amengoja bawaba tano, atangoja Idi."

Nakuja. Machi 11 nashusha, Machi 14 napanda ndege. Tutafuturu pamoja nusu ya mwezi iliyobaki, na Mfungo Mosi, baada ya Idi, nitakaa kwenye mkeka wa baba na kusema kwa sauti utakayoisikia.

Walii wako,
Majidi


Ng'ambo, Tabora
27 Aprili 2025

Kwa Dada Mwanajuma, nyumbani kwa Fundi Awadhi, Cheyo

Shikamoo. Barua hii naituma kwa Damas muuza maziwa, ambaye ni mwepesi kuliko posta za nchi mbili. Natumaini ndoa ya wiki mbili haijakupunguzia ukali. Hafsa na mtoto walishinda hapa jana. Karanga zako zimekomaa, na Levina ameniletea ugali mara tatu, akikaa kuhakikisha naula.

Nina jambo. Nakumbuka niliwahi kukuficha kazi ya kiinua mgongo changu. Nilitaka kuitengeneza nyumba hii. Mlango, dirisha la chumba changu, paa la uani. Miaka thelathini na tisa nilikuwa naisikia ikianguka, na nilijiapiza sitaingia mikono mitupu.

Sasa wewe umehama, na mimi nimekaa siku nzima na daftari nikiorodhesha ubovu. Sijapata hata mmoja. Mlango kimya. Dirisha linafunga kama sanduku. Chumbani kwangu kuna kitanda cha mninga cha urefu wangu, na urefu wangu Fundi hakuwahi kuuona kabla ya Machi. Aliupata wapi?

Bawaba nilizihesabu, ni mbili. Siku zile nilikuwa nakutania kwamba anakuja kwa ajili yako. Kumbe ulijua utaondoka hapa, ukawa unaitengeneza kwa ajili ya nani?

Kiinua mgongo changu kiko mezani, hakina kazi. Nifanye nini nacho?

Majidi

(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa kalamu ya seremala:)

Marahaba, profesa.

Urefu nilimpa mimi. Nilimwambia apime mlango wa chumba cha baba, ambao kofia yako ilikuwa ikiugusa juu, apunguze kofia.

Nyumba ya baba na mama haifungwi kufuli nikiolewa, ilikuwa inakungoja wewe, basi. Ungeambiwa ungesema utafikiri, ukainama.

Hicho ulichonacho ni cha kukaa nacho. Nunua ubao na chaki, kwa sababu Jumatatu saa tisa mchana watakuja watoto tisa wa Ng'ambo kwa twisheni ya Kiingereza, nimekwisha waahidi wazazi wao. Mkataba hauna mwaka.

Nimewaambia profesa anajua kuwa chura. Kunja zulia la sebuleni, Awadhi amepiga msasa sakafu, litateleza nawe.

Dada yako